Ni riwaya gani ya Kiswahili iliyowahi kukunyima usingizi? Natafuta za mizimu, za ajabu na za safari za angani

Kurunzi ya Usiku (mleta mada)

Wanajamvi, habari za jioni. Kwa miaka kama kumi hivi nimekuwa msomaji wa riwaya za kutisha, za ajabu na za kisayansi, na karibu zote nimezisoma kwa Kiingereza. Nilianza na Frankenstein ya Mary Shelley, iliyotoka mwaka 1818, nikaja Dracula ya Bram Stoker, na mwaka jana nikamaliza Dune ya Frank Herbert. Hii ya mwisho ilinigusa kwa namna ambayo sikuitarajia, kwa sababu imejaa maneno kama Mahdi na jihadi, ambayo msomaji wa Marekani huyatafuta kwenye faharasa iliyo nyuma ya kitabu, ilhali mimi niliyakuta nikiyafahamu tangu nilipokuwa mtoto chuoni. Nilifunga kitabu nikajiuliza kwa nini mtu wa mbali ameweza kujenga dunia nzima kwa maneno tuliyokua nayo, nasi hatuna kitu cha namna hiyo kwa lugha yetu.

Nimefikia kuamini kwamba Kiswahili hakina riwaya za aina hii. Nipingeni kwa majina ya vitabu, tafadhali. Ninachotafuta ni riwaya ya watu wazima, iliyoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, yenye jambo ambalo haliwezekani katika dunia hii ya kawaida.

Mlinda Rafu

Karibu jamvini. Dai lako halisimami hata kwa dakika moja. Anza na Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, kisha mwaka unaofuata ikaja Mzingile. Kila kimoja hakifiki kurasa mia moja, lakini usidanganyike na wembamba wake.

Niliisoma Nagona kwa mara ya kwanza usiku ambao umeme ulikatika, kwa mwanga wa taa ya chemli, nikiwa peke yangu kwa shangazi yangu Buguruni. Msimulizi anasafiri, anafika mahali palipo kimya, hakuna anayemwambia yuko wapi, wala ni mwaka gani, wala kama watu anaokutana nao wako hai. Nilifika mahali nikasimama nikafunga dirisha, na dirisha lenyewe lilikuwa limefungwa tangu jioni. Sijawahi kuogopeshwa namna hiyo na Dracula. Mzingile nayo inakupeleka kwenye dunia iliyobaki baada ya maangamizi makubwa, na kama hiyo si bunilizi ya kisayansi, basi sijui tunalitumia jina hilo kwa ajili ya nini.

Mwana wa Kilindini

Naunga mkono, ila umeacha kitabu ambacho kingemfaa zaidi mleta mada. Kipo Walenisi cha Katama Mkangi, kilichotoka mwaka 1985. Mhusika mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo, na adhabu yenyewe ni kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Badala ya kufa anatua katika nchi iitwayo Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa ambao kwao alikotoka ulikuwa kosa. Litamke jina hilo polepole utasikia "wale ni sisi". Safari ya angani uliyoiomba ndiyo hiyo, na imeandikwa na Mkenya wa pwani.

Mwalimu wa Zamu

Ndugu Mwana wa Kilindini, marekebisho madogo: Walenisi ilichapishwa mwaka 1995. Huenda umeichanganya na Mafuta, ya mwandishi huyohuyo, ambayo ni ya mwaka 1984.

Nina swali kwa wote wawili. Nimefundisha fasihi kwa miaka kumi na tisa, na vitabu hivi mnavyovitaja sisi darasani hatuviiti bunilizi ya kisayansi wala riwaya ya kutisha. Tunaviita riwaya za majaribio, na yale mambo yasiyowezekana yaliyomo tunayaita uhalisiajabu. Mwanafunzi anaulizwa dhamira, falsafa ya mwandishi na matumizi ya taswira. Sijawahi kuona swali la mtihani linalomuuliza mwanafunzi kama aliogopa. Kwa maoni yangu, mleta mada hakosei anaposema hakuviona, kwa kuwa vimewekwa kwenye kabati lenye jina jingine.

Mlinda Rafu

Mwalimu, hapo umenena. Hata hivyo, jina la kabati halibadilishi kilichomo ndani.

Kijana wa Tandika

Mimi nawashangaa mnakwenda mbali. Kama ni za kutisha, ipo Salamu Toka Kuzimu ya Ben Mtobwa, na ipo Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Majina yenyewe yanatosha kumtoa mtu jasho.

Binti Chake

Mdogo wangu, nina hakika umesoma majalada tu na hukufungua ndani. Salamu Toka Kuzimu ni riwaya ya upelelezi ambayo mpelelezi wake ni Joram Kiango, na hao wa kuzimuni ni watu wenye silaha na mipango yao. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiyo iliyomtambulisha Bwana Msa, na Bwana Msa ni mtu wa kiko na akili, kazi yake kuonyesha kwamba kilichodhaniwa kuwa mzimu ni mkono wa binadamu. Ni riwaya nzuri sana, mimi naipenda, lakini inafanya kinyume cha hili tunalolitafuta, kwa kuwa inamfukuza mzimu kutoka kwenye hadithi.

Na hapo ndipo ninapoliona jambo ambalo nyote hamjaligusa. Mimi ni mtoto wa Pemba. Mwaka 1995 nilikuwa na umri wa miaka saba habari za popobawa zilipoenea kisiwani, na nakumbuka tulivyolala nje uani, majirani wa nyumba tatu kwa pamoja, mikeka imepangwa kuzunguka moto, marehemu babu akiwa macho na tasbihi mkononi hadi alfajiri. Hakuna aliyesimulia hadithi usiku ule. Watu walikuwa wakiogopa kweli. Mwandishi wa Ulaya anapoandika kuhusu mnyonya damu, yeye na msomaji wake wamekwisha kukubaliana kwamba hayupo, na ndiyo maana wanaweza kucheza naye. Kwetu makubaliano hayo hayapo. Ukiandika kuhusu jini, nusu ya wasomaji wako watakusoma kama mtu anayetoa taarifa. Naamini hiyo ndiyo sababu ya riwaya za kutisha kuwa chache, na si jina la kabati.

Kama pendekezo, soma Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001. Mkubwa mmoja anayeitwa K, aliyezama katika starehe, anajiwa na babu yake aliyekwisha kufa, naye anamchukua na kumtembeza ayaone yale aliyokuwa ameyafumbia macho. Mwandishi ni Mpemba, na inajulikana kwa namna anavyomwandika maiti anayezungumza bila kumwombea radhi msomaji.

Mwana wa Kilindini

Dada Binti Chake, shukrani kwa simulizi hiyo, lakini sikubaliani na hitimisho lako. Kwetu Mombasa tulitishwa kwa chunusi anayewavuta waogeleaji chini ya maji, na kwa mumiani anayekamata watu usiku awatoe damu, na tuliamini yote mawili. Imani hiyo haikuwazuia wazee kutunga visa vya mazimwi kila jioni, tena kwa furaha kubwa, na watoto tulijua vizuri kwamba zimwi la kwenye ngano ni la ngano na chunusi wa kule Mtongwe ni wa Mtongwe. Watu wanaweza kuamini na kutunga kwa wakati mmoja.

Binti Chake

Zimwi liko porini, zamani za kale, paukwa pakawa. Riwaya inamweka chumbani mwako, leo, kwenye anwani unayoijua. Ndiyo tofauti ninayoisema.

Msafiri wa Mutrah

Assalaam alaikum. Nawasoma kutoka Muscat, ambako familia yetu ilihamia kutoka Unguja na nyumbani bado tunazungumza Kiswahili. Nashangaa mazungumzo yameanzia mwaka 1990. Marehemu bibi yangu alikuwa na nakala ya Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, akitusomea sisi wajukuu kwa sauti. Liwali mmoja ana manyani wawili, kila usiku anawapiga mijeledi huku akilia, kisha anakula nao na kuwabembeleza. Mfalme anataka kujua sababu. Ndipo inapofichuka kwamba manyani wale ni ndugu zake wa tumbo moja, waliogeuzwa kwa amri ya jini kwa uovu waliomtendea, na kwamba asipowapiga ataadhibiwa yeye. Bibi alikuwa akifika pale pa mjeledi anashusha sauti, na mimi hadi leo nikimwona nyani natazama macho yake kwanza.

Mleta mada alitaka jambo lisilowezekana katika dunia ya kawaida. Lilikuwamo tangu hapo. Na nyuma yake zipo tenzi, kama ule wa Rasi 'lGhuli, zilizojaa vita na viumbe vya ajabu.

Mwalimu wa Zamu

Karibu sana, ndugu yetu wa Muscat. Niongeze tu kwamba kisa hicho cha manyani kina nasaba ya zamani. Katika Alfu Lela Ulela kipo kisa cha Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra, mwenye mbwa wawili anaowapiga kila usiku, na mbwa hao ni ndugu zake. Shaaban Robert alikichukua akakifinyanga upya, akabadilisha mbwa kuwa manyani na kuwapa ndugu majina yanayosema tabia zao, Hasidi na Mwivu. Sisemi hivyo kumpunguzia heshima. Nasema ili mleta mada ajue kwamba tukihesabu ajabu katika riwaya yetu, sehemu yake imefika kwa majahazi.

Kurunzi ya Usiku (mleta mada)

Nasoma kila neno, na tayari nina orodha. Swali kwa Mwalimu: je, Kusadikika na Kufikirika, ambavyo Shaaban Robert alivichapisha akiwa hai, navyo vinaingia humu? Nilivisoma shuleni kama vitabu vya siasa.

Mwalimu wa Zamu

Kusadikika ndiyo, ilitoka mwaka 1951. Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki.

Kuhusu kuingia humu, ningesita. Kusadikika ni istiara ya utawala wa kikoloni, na wahusika wake wana majina ya sifa kama vile Karama na Majivuno. Mwandishi hakutaka uiamini nchi ile. Alitaka uitumie kuitazama yako.

Mlinda Rafu

Mwalimu, kwa heshima zote, hapa nakupinga. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Wajumbe sita wanatumwa, wanne kwenye pande za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini, kutafuta maarifa ya kuiponya jamii, na kila anayerudi anatiwa gerezani. Ondoa jina la mwandishi, mpe msomaji yeyote wa bunilizi za kisayansi, atakwambia amesoma kitabu cha aina yake. Kusema kwamba ni istiara hakuiondoi katika aina hiyo, kwa maana karibu kila riwaya nzuri ya kisayansi inasema jambo kuhusu nchi ya mwandishi. Walenisi nayo ni istiara, na mbona umeikubali?

Mwalimu wa Zamu

Walenisi inahangaika na chombo, na safari, na mshangao wa kutua. Kusadikika inaelea angani katika sentensi chache, halafu inakuwa mahakama hadi mwisho.

Mama Zawadi wa Kihonda

Shikamooni wakubwa. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, na nataka kusema jambo la upande mwingine. Mnataja vitabu vya zamani ambavyo havipatikani, ilhali hadithi za kutisha za Kiswahili zinaandikwa kila siku na zinasomwa na maelfu ya watu kwenye simu. Wodi ikitulia saa tisa usiku nasoma sehemu moja ya hadithi inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Mwandishi anatuma sehemu tano bure, kuanzia ya sita unamtumia pesa kidogo kwa simu ndipo anakuongeza kwenye kundi la pili. Zipo za majini wanaooa binadamu, za wachawi wanaosafiri kwa ungo, za maiti wanaorudi kudai haki. Lugha ya baadhi yake ina makosa, lakini nimewahi kuacha taa ya korido ikiwaka hadi asubuhi kwa sababu ya sehemu ya kumi na nne ya mojawapo.

Kwa hiyo, dada Binti Chake, wasomaji wanaoamini majini ndio haohao wanaolipa kusoma habari zao. Tena naona wanalipa kwa sababu wanaamini.

Binti Chake

Mama Zawadi, hapo umenikamata vizuri, na nitalifikiria. Pengine kinachokosekana ni kitabu chenye jalada, wala si hadithi.

Mpiga Chapa Mstaafu

Kinachokosekana ni kitabu chenye jalada kwa sababu hakuna wa kukilipia. Nimefanya kazi ya vitabu kwa muda mrefu. Duka la vitabu katika miji yetu mingi linaishi kwa mwezi wa Januari, wazazi wanapokuja na orodha ya shule mkononi, na miezi mingine wanauza daftari na kalamu. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka muswada wa riwaya kwa mchapishaji mmoja, hadithi ya mji wa pwani ambao bahari ilirudi nyuma ikaacha wazi kitu kilichokuwa kimefungwa chini. Mhariri aliusoma wote, na najua aliusoma kwa sababu alinyoosha makosa kwa penseli hadi ukurasa wa mwisho. Akanirudishia kwenye bahasha ileile, akaniambia kwa upole kwamba ni mzuri, lakini hauwezi kuingia katika orodha ya vitabu vya shule, na kisichoingia katika orodha kitaoza stoo. Alama zake za penseli ninazo hadi leo.

Kijana wa Tandika

Mzee wangu, uweke humu jamvini. Sisi tutausoma.

Mkalimani wa Lugha

Nami niongeze sababu ya tatu, au ya nne kama nimehesabu vizuri. Nimejaribu mara mbili kutafsiri hadithi fupi za kisayansi kwa Kiswahili, na kila mara ninakwama kwenye msamiati. Istilahi zipo, kwa sababu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, lakini neno lililolala ndani ya kamusi halina joto. Msomaji akikutana na neno "mnururisho" katikati ya tukio la kutisha anasimama kufikiri, na hofu inakatika hapohapo. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi hana shida hiyo, maana bastola, gari na polisi ni maneno ya kila siku.

Mwana wa Kilindini

Mkangi hakulia msamiati. Dzombo aliruka angani kwa Kiswahili cha kawaida, na msomaji akaruka naye.

Mkalimani wa Lugha

Ni kweli, ila Mkangi anaruka haraka na kutua katika jamii, ambako maneno anayo. Mimi nazungumzia riwaya ambayo mashine yenyewe ndiyo moyo wa hadithi, ambayo fundi anaifungua na wewe msomaji unaona skrubu moja moja. Hiyo bado sijaiona.

Mjukuu wa Iveti

Salaam kutoka Machakos. Hakuna aliyeitaja Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, ya mwaka 2002, nami naona ni dhambi. Msimulizi anaongozwa na sauti ya mwanamke aitwaye Hanna, anamsaka mtu anayeitwa P.P. duniani kote, anapita Ulaya yenye magofu ya vita, anapita Japani iliyounguzwa na bomu, hadi kwenye kile kiitwacho kijiji cha utandawazi. Wakati na mahali vinakunjwa kama kanga. Ukimaliza, mfuate Musaleo! wa mwandishi huyohuyo. Aidha, kwa wanaotaka ahera yenyewe, ipo Ziraili na Zirani ya William Mkufya, ya mwaka 1999.

Mtu alinipendekezea pia Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o, na ni kazi kubwa, lakini ile ni tafsiri kutoka Kikuyu, kwa hiyo sharti la mleta mada linaiacha nje.

Mlinda Rafu

Bina-Adamu! naiunga mkono kwa mikono miwili. Ila ninamwonya mleta mada asianze nayo. Ni kitabu kinachotaka uwe umekwisha kusoma vingine.

Mjukuu wa Iveti

Mimi nilianza nayo nikiwa na miaka kumi na sita, nikiwa sijasoma chochote, na sikuelewa nusu yake. Nusu niliyoielewa ndiyo iliyonifanya msomaji.

Kurunzi ya Usiku (mleta mada)

Wanajamvi, narudi baada ya wiki tatu. Nilipata Kusadikika siku ileile, nikaisoma upya usiku mmoja, na ninakiri kwamba shuleni sikuwahi kujiuliza watu wale wanaishi vipi juu ya hewa. Safari hii niliwaza hilo tu, nikiwatazama wale wajumbe wakiondoka mmoja mmoja. Nasimama na Mlinda Rafu katika hili, ingawa najua Mwalimu ana hoja.

Walenisi nimeazimwa na jirani, nimefika katikati. Nagona nimeikuta kwa wauza vitabu vya barabarani, jalada limeachana, na muuzaji aliniuliza kama nina mtoto anayefanya mtihani. Mzingile nimeitafuta kila mahali sikuipata. Kuna mwenye nakala?

Mwalimu wa Zamu

Ninazo mbili. Moja nimeijaza maelezo ya kufundishia pembezoni, sitaitoa. Ya pili mchwa wameanza kuila kwenye kona ya chini, lakini maandishi yote yanasomeka. Nitumie ujumbe wa faragha unieleze uko mji gani, nitaikabidhi kwa kondakta wa basi la Ijumaa. Ukiimaliza urudi hapa utuambie kama uliogopa, kwa sababu nimeifundisha miaka yote hii na sijawahi kumuuliza mtu.